Jino la Mpuliza Pembe wa Kwanza

Vrbnov, 3 Machi 1975

Dada Drahomíra,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Ota na mpwa wangu Zdislava, na kwamba theluji imeanza kuwaachia njia huko Javorka. Mimi sijambo. Mama mwenye nyumba amefiwa na kanari wake, na kwa kuwa ndege huyo alikaa upande wa pili wa ukuta wangu, lawama zimeniangukia mimi. Anasema nilipokuwa nikifanya mazoezi ya noti za juu alikuwa akimwona anavyodhoofika. Nimempelekea maua.

Kuhusu mazishi ya baba nilishakueleza kwa telegramu: siku ile tulikuwa na onyesho na sikupata ruhusa. Sina la kuongeza.

Sasa nieleze shida yangu. Nimepoteza jino. Ni la juu, la mbele, kushoto, lile lililompandia mwenzake mgongoni tangu nina miaka saba. Mtu mwingine angelipoteza angepoteza uzuri tu, na uzuri mimi sikuwa nao. Lakini kipulizio cha pembe hukaa hapo hapo. Mdomo wangu umebanwa kati ya shaba na jino hilo kwa miaka ishirini na mbili ya kazi, na pumzi yangu imezoea kupita kwenye mwanya wake kama mtu anavyozoea mlango wa kwao.

Daktari wa meno wa hapa amenitengenezea jino zuri, limenyooka kama askari kwenye gwaride. Nikipuliza nalo inatoka sauti ya birika. Juzi katikati ya mazoezi mwongozaji wa okestra yetu aliwasimamisha wanamuziki wote sitini na nane akauliza kwa upole ni nani ameacha maji yakichemka jikoni. Zbyněk, mpuliza pembe wa pili anayekaa kushoto kwangu, alicheka mpaka akajimwagia viatuni maji yaliyokuwa ndani ya pembe yake.

Nimemwomba daktari anipindishie. Amesema yeye ana kiapo.

Ndiyo nakuuliza wewe, kwa kuwa ni daktari na ni dada yangu: unaweza kunitengenezea jino baya?

Mdogo wako,
Vendelín


Javorka, 21 Machi 1975

Vendelín,

Barua yako ilifika tarehe sita. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nachelewa.

Huku tuko salama. Ota kaumia mgongo akishusha kuni. Zdislava amepata kazi kwenye kitalu cha miti ya serikali na anarudi nyumbani ananuka utomvu kama baba. Tulichinja nguruwe wiki mbili baada ya mazishi, maana alikuwa amekwisha kunona na hakujua kama tuna msiba. Soseji zako zipo, kama siku moja utapata ruhusa.

Ulitaka kujua mazishi yalikuwaje, ingawa hukuuliza. Walikuja watu thelathini. Baba alikwambia mwenyewe, mbele yangu, hospitalini, kwamba asizikwe kimya: upulizwe ule mlio wa mwisho wa windo, kama alivyokuwa akiupuliza yeye miaka arobaini ya ubwana misitu, mbele ya wanyama waliolazwa juu ya matawi. Ulisema ndiyo. Ikafika saa saba, kaburi liko wazi, watu wanatazama barabara. Mwishowe mzee Matouš wa zimamoto akakunja ngumi akaupuliza kwa mdomo. Ana miaka sabini na nane na alikuwa na mafua.

Sasa jino. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilichukua umbo la kinywa chako kwa plasta mara saba, kwa sababu wewe peke yako ulikubali kukaa kwa malipo ya andazi. Moja lipo hapa kliniki, nalitumia kuzuia mlango. Nimelitoa mlangoni. Ndani ya kiberiti hiki utakuta jino lako limeshikizwa kwenye kibamba cha kaakaa, unalivaa na kulivua. Nimelipinda nusu milimita kama alivyolipinda Mungu. Ni kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimeifanya kwa uangalifu mkubwa.

Hukusema lilivunjikaje. Meno ya mbele ya mtu mzima hayadondoki kama majani.

Drahomíra


Vrbnov, 9 Aprili 1975

Dada Drahomíra,

Pole nyingi kwa Ota na mgongo wake. Mwambie apake mafuta ya kuchulia farasi, yale ya kopo la kijani, maana mpiga fidla besi wetu anayatumia na anabeba dude lake ghorofa nne. Zdislava mpe busu langu. Mama mwenye nyumba amenunua kanari mwingine, kiziwi, kwa makusudi.

Jino ni lenyewe. Nilipolivaa nikapuliza noti moja ndefu, sauti ikatoka ya mviringo, ya zamani, nikakaa kitandani. Mwongozaji aliposikia alifumba macho. Nakushukuru, na sijui nishukuru vipi.

Lakini kumetokea jambo. Mwongozaji kwa furaha alimsimulia mkurugenzi wetu, ndugu Kopřiva, kwamba sauti imerudi kwa sababu ya jino. Ndugu Kopřiva si mtu mbaya, ila amekuja kwetu kutoka kiwanda cha mabehewa na ana kanuni zake. Kanuni moja inasema kila kitu kinachotoa sauti jukwaani lazima kiwe mali ya okestra, ili kikiharibika ajulikane wa kuulizwa. Nikaitwa ofisini. Alikuwepo pia bibi Hanzlíková anayetunza orodha ya ala.

Akaniuliza, "Bila jino sauti inatoka?"

Nikasema, "Haitoki."

"Bila bomba za shaba inatoka?"

"Haitoki."

"Basi ni kipande cha pembe," akasema, akaandika.

Pembe yangu ni namba 61. Jino sasa ni 61/B. Fundi anayechonga namba kwenye stendi za noti amelichonga kwa nyuma, herufi ndogo sana, ameifanya kazi safi. Napokuwa kwenye kimya, na unajua sisi wa pembe tunaweza kukaa kimya tukihesabu vipimo tisini wakati wenye fidla wanatoka jasho, ulimi wangu unaenda wenyewe pale nyuma na kusoma: sita, moja, B. Mara mbili nimesahau nilikuwa nahesabu ngapi.

Na kwa kuwa ala ya okestra haiwezi kutengenezwa na mtu baki, utapokea barua rasmi. Usishtuke.

Wako,
Vendelín

Habari za jino lilivyovunjika si ndefu. Nitakueleza tukionana.


Javorka, 2 Mei 1975

Vendelín,

Tu wazima. Mgongo wa Ota umepona, ila sasa ananuka farasi. Miti ya matunda imechanua yote siku moja. Zdislava anaolewa Jumamosi ya tarehe tisa Agosti, na kijana wa kwenye kitalu hicho hicho, mpole, ana meno ishirini na tisa na nimeyaona yote. Nitarudi kwenye hilo.

Barua yenu rasmi ilifika wazi. Mama wa posta aliisoma, ndugu yake akaisoma, na mimi nilipoipata kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba nimeteuliwa kuwa Fundi Mwidhinishwa wa Ala za Upepo. Nilicheka nikaitia kwenye droo.

Jumatatu asubuhi nikafungua mlango wa kliniki, na kwenye benchi alikuwa amekaa mzee Matouš na tuba mapajani, lile tarumbeta kubwa la bendi ya zimamoto. Nikamwuliza jino gani. Akasema jino hana hata moja, mgonjwa ni huyu. Nikamwuliza, maana sikujua la kuuliza jingine, inamuuma wapi. Akaonyesha kifundo cha pili cha bomba lake, akasema, "Hapa, mama daktari, hasa kukiwa na baridi." Kulikuwa na tundu. Nikaliziba kwa yale madini ya kuzibia magego. Akaipuliza mle mle ndani, na mwanamke niliyekuwa nimemlaza kwa dawa ya usingizi akaamka.

Tangu hapo nimetibu kodiani tatu, klarineti, na zumari la kanisa ambalo paroko alilileta limefungwa kwenye taulo. Nimewaambia kodiani si ala ya upepo. Wanasema upepo unaingia na kutoka. Kwenye ripoti ya mwezi niliandika ukweli: meno yaliyong'olewa thelathini na nane, tuba moja. Nilidhani wilaya wataniita. Wameniletea cheti cha pongezi na kuniuliza kama ninaweza kuchukua pia na piano.

Sasa harusi. Zdislava anataka wakitoka kwenye kanisa dogo la msituni mjomba wake awapulizie pembe. Nimemwambia asitegemee. Amekataa kunisikia. Nijibu ndiyo au hapana, kwa maandishi, na ukisema ndiyo iwe ndiyo.

Na jino lilivunjikaje?

Drahomíra


Vrbnov, 20 Mei 1975

Dada,

Hongera kwa harusi, na kwa cheti. Mwambie Zdislava ndiyo. Naandika hapa kwa wino: ndiyo.

Sisi huku kuna joto, na kuna mgogoro. Zbyněk amepeleka malalamiko kwenye kamati ya wafanyakazi. Anasema amekaa kiti cha pili miaka tisa na siku zote aliamini nimemzidi kipaji. Sasa imeandikwa na mkurugenzi mwenyewe kwamba sauti inatoka kwenye jino, na jino ni mali ya umma. Kwa hiyo anauliza, kwa heshima, kwa nini mali ya umma ikae mdomoni mwa mtu mmoja.

Nilitegemea watamcheka. Kamati ina watu saba. Mpiga ngoma akasema hoja hiyo ina uzito, maana hata yeye fimbo zake ni za kuazimwa na okestra. Bibi Hanzlíková akathibitisha kwamba kanuni hairuhusu mtu kuhodhi ala. Wakapiga kura, watano kwa wawili: tutumie kwa zamu, wiki moja moja.

Nikawaeleza kwamba Zbyněk ana meno yake yote na hakuna pa kulitia. Wakanong'onezana kidogo. Kisha ndugu Kopřiva akasema hilo ni suala la kiufundi, lipelekwe kwa fundi mwidhinishwa.

Fundi mwidhinishwa ni wewe. Nimeona nikutangulizie habari.

Zbyněk si mtu mbaya pia. Ana watoto wanne na anapiga noti za chini vizuri kunishinda. Ukimwona usimkaripie sana.

Ulichouliza nimekiona. Nitajibu, ila leo tuna mazoezi.

Vendelín


Javorka, 8 Juni 1975

Vendelín,

Salamu kutoka kwa wote. Nyasi zimekatwa.

Mtu wako alikuja Jumatano kwa treni ya saa nne, kavaa suti ya onyesho, na barua yenye mihuri miwili. Akakaa kwenye kiti, akafungua kinywa, akaniomba nimng'oe jino la juu, la mbele, kushoto. Nilitazama. Meno thelathini na mawili, hakuna hata doa. Katika miaka ishirini na saba ya kazi nimeyaona hivyo mara mbili, na mara ya kwanza alikuwa farasi. Nikamwambia sing'oi jino zima kwa amri ya kamati. Akasema ameshawaaga watoto. Nikamwambia afunge kinywa chake akae mezani.

Alikula madonge ya unga yenye plamu ndani, kumi na manne. Baada ya la kumi alianza kulia kidogo, akaniambia anavyoogopa kiti cha kwanza kuliko koleo langu, na kwamba malalamiko aliandikiwa na mkewe. Nikamwandikia cheti kwamba taya lake kiufundi haliendani na namba 61/B. Akanibusu mkono.

Halafu akasema jambo, bila kujua lina uzito gani kwangu. Alisema amewahi kukaa kiti chako mara moja tu, tarehe kumi na moja Februari, siku uliyokwenda kumzika baba. Alisema alitetemeka usiku wote na anashangaa wewe unawezaje.

Nilimwongezea madonge ili nipate kugeuka.

Kwa hiyo hukuwa kwenye onyesho. Ruhusa ulipata. Na huku hukufika. Ulikuwa wapi?

Safari hii usinijibu habari za kanari.

D.


Vrbnov, 17 Juni 1975

(kadi ya posta yenye picha ya jengo la maonyesho)

Dada, nimepata barua yako. Huku mvua inanyesha tangu Jumapili. Zbyněk anawasalimu na kusifu mapishi. Nitaandika.

V.


Vrbnov, 6 Julai 1975

Dada Drahomíra,

Nimeanza barua hii mara nne na zote zilianza kwa kanari. Hii naianza kwa siku ile.

Ruhusa nilipata, na tiketi. Nilipanda treni ya saa kumi na mbili asubuhi na pembe magotini. Tulipopita daraja la pili theluji ikatuzuia, tukakaa hapo kwa muda wa saa tano, abiria sita na mbuzi wa mtu. Nilifika Javorka saa tisa na nusu. Nikapanda moja kwa moja makaburini. Hapakuwa na mtu. Kaburi limeshafukiwa, matawi yamewekwa juu vizuri, nyayo za watu wengi zimeteremka zote kuelekea baani.

Nikasema basi, ahadi ni kwa baba, si kwa watu. Nikatoa pembe. Dada, baridi ilikuwa ya nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Shaba ya baridi haisemi, na mdomo wangu ulikuwa mgumu kama soli. Nilianza mlio, noti ya tatu ikapasuka. Nikaanza upya, ikapasuka tena. Mimi ambaye nalishwa na serikali kwa kutopasua noti. Nilijaribu mara kumi na moja. Mlio wenyewe unapulizwa na bwana misitu yeyote akiwa amelewa, na sikuweza kuumaliza hata mara moja.

Nikateremka nije niwaombe radhi. Nilifika kwenye dirisha la baa. Ndani taa zinawaka, supu inatoa moshi, na nyote mnacheka. Wewe ulikuwa katikati na ulikuwa unacheka kuliko wote, umeshika meza. Nikaona mko vizuri, na kwamba nikiingia mimi nitawaletea msiba uliokwisha kwisha. Pengine nisingeweza tu kuwatazama usoni. Nikageuka nikakimbilia treni kwa njia ya mkato ya makaburini, nikateleza kwenye ngazi za makaburi nikiwa bado nimeshika pembe mbele yangu. Kipulizio kikaingia mdomoni kwa mara ya kumi na mbili siku hiyo. Hivyo ndivyo lilivyovunjika.

Telegramu ya onyesho niliituma kutoka stesheni ya njia panda nikiwa na leso mdomoni. Nilidhani uongo huo ni mdogo kuliko ukweli.

Kuna la pili, nalo ni baya. Kila mwaka tarehe mosi Julai ala zote hukabidhiwa ghala kwa ukaguzi, zinafungiwa mpaka mwisho wa Agosti. Nilisahau kuwa kinywani mwangu pia mna ala. Bibi Hanzlíková alipokea pembe, akatazama orodha, akaninyoshea kiganja. Jino limefungwa lebo kwa uzi, liko rafu ya tatu kati ya kinubi na kengele. Nimeomba kwa maandishi siku moja tu, tarehe tisa Agosti, kwa sababu ya harusi ya mpwa. Nimejibiwa ala za okestra haziazimwi kwa sherehe binafsi.

Niliandika ndiyo kwa wino. Sasa sina jino, na uso sina pia. Mwambie Zdislava mwenyewe, mimi siwezi.

Vendelín


Javorka, 14 Julai 1975

Mdogo wangu,

Nilisoma barua yako nimesimama, kisha nikafunga kliniki nikaisoma nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa. Kodiani mbili zikasubiri nje.

Nami nina langu, na nimelificha tangu siku hiyo hiyo.

Tulikuwa tumekaa baani, supu imeletwa, hakuna aliyekuwa akisema. Nilikuwa sijalia wala kusema tangu baba alazwe hospitali. Nilikuwa nimekauka. Ndipo sauti ikatoka juu huko, kilimani. Ilianza vizuri halafu ikapasuka. Watu wakatazamana. Ikaja tena, mbaya zaidi. Ota akasema kwa heshima kabisa kwamba ni ng'ombe wa ushirika, anazaa. Mzee Matouš akaweka kijiko chini akasikiliza, na ilipopasuka ya tatu akasema hapana, kwa sauti hiyo ni dume, na anayezaa anazaa kwa mara ya kwanza. Kila ilipopasuka walibishana upya, na yule paroko akataka waende wakamsaidie mnyama.

Nikacheka, Vendelín. Siku ya kumzika baba, nimevaa nyeusi, nilicheka mpaka nikashika meza. Wengine waliponiona nao wakaangua. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukoma, yakageuka yale yenyewe niliyokuwa nayangoja. Ota akanipa maji. Hakuna aliyejua ilikuwa nini hasa. Mimi nilijua kwamba nimecheka mazishini, nikajionea aibu miezi mitano, na kwa kuwa kujikasirikia mwenyewe kunachosha, nilikukasirikia wewe.

Hatukumfahamu yule mnyama. Tungekufahamu tungekuja kukuchukua.

Kwa hiyo nataka ujue hivi. Baba alipuliziwa. Alipuliziwa mara kumi na moja, vibaya, na watu thelathini walisikia. Nilipanda makaburini leo jioni kumwambia, ingawa nadhani yeye alijua tangu ya kwanza, na alikuwa anahesabu.

Kuhusu harusi. Plasta yako bado iko hapa na mikono yangu bado inajua kazi mbaya. Nimetengeneza jino jingine, liko kwenye kikombe dirishani. Halina namba na halitapewa. Lakini sikulitengeneza upulizie. Zdislava amesikia yote, amelia, amecheka, na anasema mlio hataki tena, anataka mjomba. Utakuja Ijumaa. Pembe unayo ghalani, iache huko. Utavaa jino utakula, kuna nyama ya paa na keki za aina sita, na nimekuketisha baina yangu na mama yake bwana harusi, ambaye anaongea sana na hasikii vizuri. Mtaelewana.

Ota atakuja stesheni na trekta.

Dada yako,
Drahomíra


Vrbnov, 28 Septemba 1975

Dada Drahomíra,

Nilifika salama, na chupa ya pombe ya plamu ilifika nusu. Bado natembea kwa shida kwa sababu ya yule mama wa bwana harusi, sikujua kwamba mtu wa miaka sabini anaweza kucheza dansi nane za polka mfululizo. Zdislava ameniandikia kutoka milimani, na picha ile ambayo natafuna nimeibandika juu ya kitanda. Mama mwenye nyumba ameitazama akasema hakuwahi kujua nina meno.

Msimu umeanza. Tarehe mosi nilikwenda ghalani, nikasaini, nikapewa pembe na 61/B. Utaratibu wangu sasa ni huu: mlangoni mwa wanamuziki natoa la kwako navaa la kwao, na nikitoka natoa la kwao navaa la kwako. Bawabu amezoea, anageuza uso.

Alhamisi iliyopita tulikuwa na onyesho la kwanza, watu mia nane. Mwanzo wa sehemu ya pili pembe inaingia peke yake, wengine wote wamenyamaza, na kwa miaka ishirini na mbili sijawahi kula chakula cha mchana siku ya noti hizo. Siku hiyo nilikula. Nikaketi, nikahesabu kimya changu, na ulimi ukaenda nyuma ya jino kusoma namba. Hapakuwa na namba. Nilikuwa nimesahau kubadilisha. 61/B lilikuwa kabatini, kwenye kiatu.

Nikainua pembe nikaingia. Noti nne zilitoka kama asali. Ya tano ikapasuka, dada, ikapasuka wazi mbele ya watu mia nane, na mimi nilitegemea dunia isimame. Haikusimama. Nikapuliza ya sita, na ya saba, na nadhani zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupuliza, kwa sababu hakukuwa na cha kuogopa tena. Zbyněk hakunitazama. Alinigusa tu goti kwa goti lake.

Kesho yake nikaitwa ofisini. Ndugu Kopřiva alitaka kuandika kosa. Bibi Hanzlíková akaleta orodha. Akauliza kosa lilitokea kwa ala gani. Nikasema kwa pembe 61. Akauliza na 61/B? Nikasema hilo lilikuwa kabatini, anaweza kwenda kuliona. Akaenda akaliona. Kisha bibi Hanzlíková akaeleza, polepole, kama anayemfundisha mkurugenzi kusoma, kwamba bila 61/B pembe haitoi sauti, imeandikwa hivyo na ina saini ya mkurugenzi mwenyewe, na kama haitoi sauti haiwezi kukosea. Ndugu Kopřiva akatafuta njia ya kutoka, hakuiona. Wameandika kwamba jioni ya tarehe ishirini na tano Septemba pembe ya kwanza haikulia.

Nikamwuliza kama naweza kwenda. Akasema niende, kwani nimefanya nini.

Nilitoka nikapita mtaani kwa miguu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nimekosea na haikuandikwa popote, na nzuri zile zilizofuata hazikuandikwa pia. Zilikuwa zetu tu, sisi tuliokuwemo mle ndani. Nikaingia mgahawa wa pembeni mwa stesheni, nikaagiza bata na kabichi, nikamaliza yote.

Mdogo wako anayekupenda,
Vendelín